Nyoka Si Soksi

Wiki iliyopita rafiki yangu mmoja, tuliyesoma naye Mlimani na ambaye sasa anaishi Birmingham, alinitumia picha. Kabati la mbao nyeupe, refu kuliko yeye mwenyewe, lina droo kumi na mbili za plastiki. Nyaya zimepangwa kwa nidhamu upande wa nyuma, kitaa chekundu kinawaka pembeni. Chini yake kaandika: "Umeona kazi ya mikono yangu? Kila droo ina chatu wake!" Alitegemea nimpongeze. Nilikaa na picha hiyo siku mbili sijajibu. Jibu lenyewe ndilo hili, na kwa kuwa limekuwa refu nimeona nilimwage hadharani, maana najua hayuko peke yake.

Kwa ambao hamjui mambo haya (na heri yenu), ngoja nieleze kwanza. Mtu anayefuga nyoka Ulaya au Marekani ana njia mbili kuu za kumweka. Ya kwanza ni sanduku kubwa lenye kioo mbele, ndani kuna taa, magogo, matawi na mahali pa kujificha. Ya pili ndiyo hii ya rafiki yangu. Unanunua maboksi ya plastiki yale yale ambayo wenzako wanawekea nguo za baridi chini ya kitanda. Unapiga shelfu za mbao, na nafasi kati ya shelfu na shelfu inazidi kimo cha boksi kwa milimita mbili tatu tu, ili shelfu ya juu iwe ndiyo kifuniko na nyoka asipate upenyo. Kwenye kila shelfu unachimba mfereji mwembamba, unalaza waya wa joto, unaufunika kwa tepu ya aluminiamu. Waya usijipande, maana pale unapopishana ndipo unapoungua. Joto linapaswa kugusa theluthi moja tu ya sakafu ya boksi, upande wa nyuma. Unatoboa matundu ya hewa ubavuni kwa drili. Mwisho nyaya zote zinakwenda kwenye themostati, kidude kinachosoma joto kupitia kihisio na kuwasha au kuzima umeme. Gazeti chini, bakuli la maji, nyoka ndani, sukuma droo. Kwisha kazi!

Ni ufundi, siwezi kukataa. Na nasema hivyo kwa sababu drili hiyo na mimi nimewahi kuishika.

Mwaka 2018 nilikuwa nasoma Leicester, nimepanga chumba kwenye nyumba ya watu wanne. Jamaa wa chumba cha chini alikuwa Mwingereza mpole, mtu wa kukuwekea chai kabla hujavua koti. Hapa nitamwita Bwana Droo. Alikuwa na chatu tisa, wale wadogo wa Afrika Magharibi na ya Kati ambao Waingereza huwaita chatu wa kifalme na Wamarekani huwaita chatu mpira, kwa kuwa wakiogopa hujikunja donge moja kama mpira wa makaratasi tuliocheza sisi utotoni. Jumamosi moja ya mwezi wa kumi tulijenga kabati lake pamoja. Yeye alikata mbao, mimi nikatoboa matundu. Mpaka jioni nilikuwa najiona fundi kamili, nikapiga na picha nikamtumia mama.

Januari 2019, usiku wa baridi kali, tepu iliyoshika kihisio cha themostati iliachia. Kihisio kilikuwa shelfu ya tano. Kikadondoka, kikaning'inia nyuma ya kabati karibu na ukuta wa nje. Themostati ikasoma nyuzi 17. Ikafanya kile ilichotengenezwa kufanya: ikawasha umeme na kuendelea kuwasha usiku kucha, ikisubiri nyuzi 32 ambazo ukuta ule usingefika mpaka kiangazi. Asubuhi Bwana Droo alipopima sakafu za droo za juu zilikuwa na nyuzi 46. Chatu watatu walikuwa wameungua tumbo. Magamba yalikuwa mekundu, mengine yamevimba malengelenge. Mmoja alikufa baada ya siku kumi na moja. Sijasahau harufu ya ile droo.

Mtu atauliza, kwa nini hawakukimbia? Swali zuri. Kwanza, nyoka si mtu aliyekanyaga kaa la moto. Madaktari wa wanyama wanaotibu reptilia wanajua kwamba nyoka anaweza kubaki juu ya kitu kinachomuunguza mpaka ngozi ikaharibika. Pili, na hili ndilo linalonifanya niandike, wakimbilie wapi? Droo nzima ilikuwa imepata moto.

Najua wapenzi wa makabati watakachosema. Hilo ni kosa la fundi, si la kabati! Na kwa sehemu wana haki. Kama ni lazima ujenge, basi kihisio kifungwe kwa kitu kisichoachia. Weka na themostati ya pili inayojitegemea, yenye kazi moja tu ya kukata umeme joto likivuka mpaka, kwa sababu rilei ya ile ya kwanza inaweza kuganda ikiwa imewasha. Pima kila droo, usipime moja. Usiunganishe waya wa joto moja kwa moja kwenye soketi ukidhani "haupati moto sana". Haya yote ni ya lazima, na asiyeweza kuyagharamia asifuge.

Lakini angalia tatizo linalobaki hata fundi akiwa bingwa. Kihisio ni kimoja, kipo shelfu moja, kinaamua kwa niaba ya droo tisa au kumi na mbili. Joto lina tabia ya kupanda, kwa hiyo wa juu anaoka na wa chini anatetemeka. Ukivuta droo yenye kihisio ili usafishe, kihisio kinapigwa na hewa ya chumbani, themostati inadhani wote wana baridi, wenzake wanaongezewa moto. Demokrasia ya namna hii hata sisi tunaijua.

Ngoja niwapeleke Kimara. Shangazi yangu alifuga kuku wa nyama kwa miaka mingi, na nilikuwa msaidizi wake kila likizo. Vifaranga wa siku moja wanahitaji nyuzi zaidi ya 30, na Tanesco kwa miaka hiyo mnaijua. Kwa hiyo shangazi alitengeneza duara kwa maboksi yaliyokunjuliwa, akaweka jiko la mkaa katikati, juu yake akageuza karai bovu. Hakuwa na themostati wala kipimajoto. Alikuwa na macho. Vifaranga wakirundikana karibu na jiko, "wana baridi, ongeza mkaa." Wakikimbilia ukingoni na kupanua midomo, "wanaungua, punguza." Wakitawanyika kila mahali wakidonoa, anakwenda kulala. Na duara lilikuwa duara kwa makusudi, kwa sababu kwenye kona vifaranga hulaliana na kukosa hewa.

Mnaona tofauti? Katika banda la shangazi kifaranga mwenyewe ndiye kipimajoto, maana alikuwa na nafasi ya kusogea, na kusogea kwake kulikuwa ni kauli. Nyoka naye hawezi kutengeneza joto lake kama wewe na mimi. Maisha yake yote ni kusogea: anakwenda penye jua, anarudi kivulini, anapanda, anashuka, anatafuta unyevu anapokaribia kujivua gamba (gamba la kweli, si lile la wanasiasa wetu la mwaka 2011). Ukimpa sakafu yenye sehemu mbili, ya moto na isiyo ya moto sana, ndani ya sentimita 70, umemwachia swichi badala ya mazingira. Tena humuoni. Droo imefungwa, plastiki yenyewe mara nyingi ni nyeupe ya ukungu. Hata akikusemesha kwa mwili wake utamsikia vipi?

Haya, hesabu. Boksi linalotumika sana kwa chatu mkubwa wa aina hii lina urefu wa sentimita 70 hivi na upana wa 40. Wale mliokimbia hesabu kidato cha pili rudini kidogo kwa mzee Pythagoras: kutoka kona hadi kona ni sentimita 80 na kidogo. Jike aliyekomaa hufika sentimita 120 mpaka 150. Maana yake hakuna namna yoyote, wima, ubavu au mshazari, ambayo mnyama huyu atanyooka. Si leo, si kesho, si mwaka ujao. Na huyu si panya wa miaka miwili. Chatu hawa wakitunzwa wanaishi miaka 20, 30, na zaidi.

Utetezi wa kwanza unaoletwa hapa ni kwamba nyoka hahitaji kunyooka, kwani porini huishi kwenye mashimo na vichuguu. Hii ndiyo sentensi niliyoisikia mara nyingi kuliko zote nyumbani kwa Bwana Droo. Ni kweli kwamba mchana hujificha mashimoni. Na mimi usiku hujificha kwenye kitanda cha futi nne kwa sita, lakini ukinifungia humo miaka ishirini tutaonana mahakamani. Watafiti Luca Luiselli na Francesco Angelici walichapisha mwaka 1998 kazi yao kuhusu chatu hawa hawa kusini-mashariki mwa Nigeria. Walikuta madume wanakula ndege kwa wingi na kupanda miti, wakati majike makubwa yanawinda zaidi panya na jamaa zao ardhini. Wanapanda miti! Sasa niambie, katika droo ya kimo cha sentimita 18 mti utausimamisha wapi? Na mwaka 2019 Clifford Warwick na wenzake walichapisha uchunguzi wa nyoka wa kufugwa wakaonesha kwamba wakipewa nafasi hunyooka, na hilo ni jambo la kawaida kwao. Ukiona nyoka wako hanyooki, jiulize kama umewahi kumpa pa kunyookea.

Utetezi wa pili ndio mkubwa. "Wanakula, wanakua, wanataga. Wangekuwa na shida wasingetaga." Bwana we! Kuku wa vizimba vya waya alitaga karibu kila siku. Alitaga kwa kiwango ambacho kuku wa bibi yangu Tabora hajawahi kukiota. Na bado Umoja wa Ulaya ulivipiga marufuku vizimba vile vitupu kuanzia Januari 2012, kwa sababu waliangalia zaidi ya trei ya mayai. Kwa nyoka hoja hiyo ni dhaifu zaidi. Mwaka 2020 kwenye bustani ya wanyama ya Saint Louis, Marekani, chatu jike wa aina hii, mwenye umri unaokadiriwa miaka 62 au zaidi, alitaga mayai saba. Alikuwa hajakaa na dume kwa zaidi ya miaka 15! Mwili wa nyoka una mambo yake. Yai halisemi chochote kuhusu raha ya aliyelitaga.

Pale Uingereza kwenyewe Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2006, kifungu cha 9, inamtaka mwenye mnyama ahakikishe mahitaji yake, yakiwemo mazingira yanayofaa na uwezo wa kuonesha tabia zake za kawaida. Nyoka yumo, kwa sababu sheria inahusu wanyama wenye uti wa mgongo. Nilimsomea Bwana Droo kifungu hicho jikoni. Akasema, "Droo ni mazingira yanayofaa." Tukaishia hapo, kila mtu na kikombe chake. Nilitakiwa kuendelea kubishana, sikuendelea. Nilikuwa mgeni, nakula chumvi ya watu, na matundu ya lile kabati nilitoboa mimi.

Sasa tuseme ukweli ambao picha za makabati hazisemi. Droo haikubuniwa kwa ajili ya nyoka. Ilibuniwa kwa ajili ya hesabu ya kichwa. Ukiwa na chatu mmoja unamjengea sanduku la mita moja na nusu na unamtazama jioni badala ya televisheni. Ukitaka chatu arobaini ndani ya chumba kimoja, ili uchanganye rangi na kuuza vitoto, hapo ndipo unahitaji kabati. Biashara ya rangi ndiyo mama wa droo. Wameshatengeneza weupe, wa njano, wenye madoa kama pundamilia, na wale wanaoitwa "buibui", wenye michoro mizuri ajabu lakini vichwa vinatikisika na kupinda kwa sababu kurithi rangi ile ni kurithi pia hitilafu ya mishipa ya fahamu. Na wanaendelea kuzalishwa na kununuliwa.

Na mnyama akiwa rahisi kuhifadhi anakuwa rahisi kununua, hata porini. Ghana, Togo na Benin zimesafirisha chatu hawa kwa miaka mingi, wakikusanywa majike wenye mimba na mayai, vitoto vinaanguliwa na kupakiwa kwenye ndege. Cha ajabu ni kwamba Benin hiyo hiyo kuna mji wa Ouidah wenye hekalu la chatu. Pale chatu huachiwa usiku watembee mjini, na mwenyeji akimkuta nyumbani kwake humpokea kama mgeni wa heshima kisha humrudisha. Ndugu wa yule wa Ouidah ndiye yuko kwenye droo Birmingham.

Msidhani sisi tuko nje ya habari hii. Msitu wa Kimboza, Morogoro, una ukubwa wa kilomita za mraba nne tu hivi. Humo anaishi mjusi mdogo wa buluu kali, ambaye makazi yake ni misitu ya eneo hilo na kwingine duniani hayupo, anayeishi kwenye miti ya jamii ya mkadi. Kati ya mwaka 2004 na 2009 kundi moja tu la wakusanyaji lilichukua zaidi ya mijusi 30,000, na njia mojawapo ilikuwa kukata miti yenyewe ili kuwafikia. Walikwenda Ulaya, Marekani na Japani kukaa kwenye masanduku ya vioo. Tanzania ilifunga usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016, na biashara ya kimataifa ya mjusi huyo wa porini ikapigwa marufuku kuanzia 2017. Juni 2022 ilitangazwa kwamba wenye wanyama waliobaki wangepewa miezi sita kusafirisha, watu wakapiga kelele, tangazo likasitishwa. Kelele zinasaidia, kumbe.

Kuna wa nyumbani wanaosoma hapa na kucheka. Kaka, hospitali hazina dawa, wewe unamlilia nyoka? Swali hilo naliheshimu. Mimi mwenyewe nimelelewa kwenye nyumba ambayo nyoka akionekana watoto wanapanda kitandani na baba anatafuta fimbo. Simlaumu baba. Swila aliyeingia jikoni na mtoto anayetambaa hawawezi kukaa pamoja, na hapo hakuna semina. Lakini rafiki yangu wa Birmingham hakuingiliwa na nyoka. Alitoka nyumbani, akapanda basi, akalipa pesa, akaja nao. Mtu anayemkaribisha mgeni kwa hiari yake hawezi kumlaza kwenye droo ya soksi, halafu akatuonesha kitasa. Tena huyu si maskini wa nafasi wala wa ufundi! Aliyeweza kuchimba mifereji kumi na miwili kwenye mbao, akalaza waya bila kupishana hata mahali pamoja, anaweza kujenga sanduku la mita moja na nusu kwa sitini kwa sitini, lenye tawi la kupanda, na taa yenye wavu ili asiungue, na themostati yake peke yake. Mbao ni zile zile. Atajenga mawili au matatu kabla ukuta haujaisha, na hapo atakuwa amejua idadi ya chatu anaoweza kufuga.

Kwa hiyo ndugu yangu, jibu la picha yako. Kabati limenyooka kuliko la kwetu la Leicester, nakupa hilo. Leo usiku zima taa kubwa, funga mlango, ziba upenyo wa chini kwa taulo, mtoe yule wa droo ya saba uliyesema ndiye mkubwa, mlaze kwenye zulia kando ya ukuta. Kaa kimya, usimguse. Akianza kutembea chukua futi ya fundi cherehani umpime kuanzia pua hadi mkia. Halafu pima droo.

Nitumie namba mbili hizo. Sitaki picha nyingine.